Mji Niliousikia kwa Waya

3 Februari

Wifi yangu Sindano,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yana maneno. Nakuandikia saa nne asubuhi, saa ambayo kwa kawaida huwa niko mbele ya televisheni yako. Usishtuke, haijaharibika. Mita ya jengo letu zima imeungua tangu Jumatatu, na fundi anasema kifaa kinachotakiwa kinatoka mbali. Leo ni siku ya nne hatuna umeme.

Siku ya kwanza nilikaa kitini nikaitazama imezimwa, kama mtu anayengoja basi lililokwisha kupita. Nikajiona kwenye kile kioo cheusi: mama mzima, rimoti mkononi, mdomo wazi. Tangu mdogo wako atutoke, nawe ukaniletea chombo hiki ili nyumba isiwe kimya, mwaka na miezi miwili sasa, sikuwahi kujiuliza nafanana na nini nikiwa natazama. Wifi, nafanana na samaki.

Nikavaa viatu, nikashuka ghorofa zote tatu.

Kazi yangu unaijua. Miaka thelathini na mmoja kwenye swichibodi ya kampuni ya usafirishaji, chumba hakina hata dirisha: "Haloo, nikuunganishe na nani?" Kila mwenye duka, ghala na ofisi ya mji huu namjua kwa sauti. Namjua anayeumwa mafua kila mwezi wa sita, namjua anayemkaripia karani wake kabla hajaiweka simu chini. Lakini kwa macho? Nilikuwa natoka nyumbani naingia chumba kile, natoka chumba kile narudi nyumbani. Mji mzima nimeusikia kwa waya, sijauona. Na ndiyo sababu hata leo sikupigii simu, nakuandikia. Sikio langu la simu lilistaafu kabla yangu.

Basi nikaenda kumtafuta Bwana Vipuri, yule aliyekuwa akinguruma mpaka naweka kipokeo mbali na sikio. Nilikuwa namwona akilini, pande la mtu, shingo kama gogo. Wifi, kumbe ni kijitu hivi, kakalia mito miwili ili aione meza yake! Nikanunua skrubu moja nisiyoihitaji ili nimsikie tu. "KARIBU TENA MAMA!" Nilicheka peke yangu mpaka njia panda.

Wenzangu waliponiaga kazini walinipa kamera ndogo ya betri. Ilikuwa bado kwenye boksi lake. Nimeitoa, na picha hii ndiyo ya kwanza kuitwa picha. Zile nyingine nilipiga kidole changu. Umeme ukirudi nitarudi kitini, usiwe na wasiwasi.

Wifi yako,
Haloo


17 Februari

Haloo wewe,

Barua yako nimeisoma mguu juu ya cherehani, mteja anangoja nimpimie kiuno. Nimecheka mpaka akaniuliza kama ni kiuno chake.

Picha nimeigeuza juu chini. Mwanzo nilidhani ni zipu za chuma zimetundikwa. Ndipo fundi wangu wa vifungo akaniambia, hizo ni funguo, huyo mzee ni mchonga funguo. Hivi wote hao wamefungiwa nje ya nyumba zao?

Nakuombea umeme urudi upesi. Wifi, nikwambie kitu ambacho sijakwambia. Kila jioni saa moja nafunga duka, naweka nguo za kupinda mapajani, nawasha tamthilia yetu. Huwa najua kwamba saa hiyo hiyo nawe umekaa, unamwangalia yule yule daktari na ule uongo wake. Basi naona kama tumekaa mkeka mmoja. Mji wako na mji wangu ni mwendo wa siku nzima kwa basi, lakini saa moja ikifika tuko pamoja. Kwa hiyo ukiwashiwa, niandikie unaonaje mambo ya daktari na yule tajiri.

Na huko kuzurura, angalia. Mwanamke wa umri wako kusimama njiani na kamera, watu watasema nini?

Wako,
Sindano


5 Machi

Wifi yangu,

Umeme umerudi, nami nipo kitini kila siku saa moja, kama wewe. Daktari amenitoa machozi wiki hii. Na yule tajiri wa kiti cha magurudumu, si kasimama ghafla akatembea! Mke wake akazimia juu ya keki. Makubwa.

Hayo tuyaache. Unauliza watu watasema nini? Wameshasema. Wanasema, "Mama Picha, na mimi je?"

Ilikuwa hivi. Nilipoisafisha ile picha ya funguo nilitoa mbili, moja yako, moja nikampelekea mwenyewe. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama picha mpaka mteja wake akakohoa. Akasema, "Kumbe nina mgongo mzuri." Akaibandika juu ya mashine yake. Wiki iliyofuata muuza miavuli wa jirani yake akaniuliza kama yeye ana ubaya gani. Nikampiga picha. Naye akaniambia kuna mama wa kufua mashuka ya nyumba ya wageni, uani, akiyaanika yote kwa pamoja ua unajaa meli. Nikaenda. Kweli, wifi! Mashuka arobaini yamefura upepo, yeye katikati anapiga mluzi. Ndivyo ilivyo sasa. Mmoja ananituma kwa mwingine, kama nilivyokuwa nikiwaunganisha zamani, ila safari hii mimi ndiye ninayepita kwenye waya.

Natoka saa tatu, narudi jua likiwa kali. Natembea taratibu, mtaa mmoja kwa siku. Nimeacha kuhesabu siku za wiki. Jana nilikaa nusu saa nikimtazama mtu anapaka mafuta bawaba za lango, na nilipofika nyumbani nilikuwa na njaa. Njaa ya kweli, ya kufungua sufuria kabla chakula hakijaiva. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Nakuwekea tatu: mashuka, miavuli, na kinyozi wa chini ya jengo letu akimnyoa mzee aliyesinzia.

Wifi yako,
Haloo


19 Machi

Haloo,

Mashuka hayo yamepindwa vibaya, mwambie huyo mama. Lakini picha nimeiweka kwenye ukuta wa duka, karibu na kioo cha kujaribia nguo.

Ya kinyozi nimeipenda kuliko zote. Nimeitazama sana. Nimeitazama mpaka na ile miwani yangu ya kutungia sindano.

Ehe, tajiri kasimama! Mimi nadhani wakati huo nilikuwa jikoni, ikanipita. Na keki aliyozimia juu yake ilikuwa ya rangi gani? Niambie vizuri, huku mafundi wangu wanataka kujua. Na daktari amefikia wapi?

Wako,
Sindano


6 Aprili

Wifi yangu,

Keki ilikuwa ya waridi, ghorofa tatu. Daktari amekamatwa uwanja wa ndege amevaa sare za rubani. Nadhani watamwachia.

Sasa kaa chini, acha hiyo cherehani. Hili si la televisheni.

Juzi niliingia mtaa wa nyuma ya maghala, ambako sijawahi kufika. Nilikuwa namtafuta mama mmoja wa duka la magodoro ambaye zamani alikuwa akipiga simu kila Jumamosi kuuliza mzigo wake. Sauti yake ilikuwa tamu, kama mtu anayekubembeleza ulale. Nikisikia nilikuwa nasema moyoni huyu biashara yake imempata. Nikaona duka kwa mbali. Ukuta wa pembeni, mrefu, umeandikwa kwa rangi ya buluu iliyokwisha kupauka:

Magodoro ya Kila Aina. Ingia Ujionee.

Nikainua kamera. Halafu nikaishusha.

Ni herufi g, wifi. Mkia wake ulikuwa umeshuka, ukazunguka, ukapanda juu na kuwa kama ndoana. Mkia huo nimeuona miaka ishirini na sita kwenye mlango wa jokofu: "Nunua unga." "Gesi imeisha." Hakuna mtu mwingine anayeandika g hivyo. Nilisogea nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto la jua.

Unajua mimi sikuwahi kuona kazi yake? Ni aibu lakini ndiyo kweli. Alikuwa anarudi na rangi kwenye kucha, namuuliza umeandika nini leo, anasema "maneno ya watu". Nami nilikuwa nimechoka na maneno ya watu yangu mwenyewe. Tunakula, tunalala. Nilijua mume wangu anaandika mabango, kama mtu anavyojua jirani yake anafuga kuku.

Nikaingia kwa mwenye duka. Sauti ni ile ile! Nikamwambia, mama, mimi ndiye Haloo. Akapiga kelele, akanikalisha juu ya godoro la inchi nane. Nikamuuliza habari za aliyeandika ukuta. Akasema, "Yule fundi? Siku nzima anaandika anaimba, na herufi ya mwisho akaimaliza mvua inanyesha, mimi nimemshikia mwavuli." Halafu akaniuliza yuko wapi siku hizi. Ikabidi nimwambie.

Tangu siku hiyo nimepata mengine matatu. "Usiegeshe Gari Hapa." "Gundi, Misumari, Kamba." Na moja kwenye geti la shule: "Ngoja Kengele." Natembea nasoma kuta kama gazeti. Naona nimeanza kumfahamu upya, upande aliokuwa akinipa mgongo.

Picha nne hizo. Wewe ndiye uliyemfundisha kushika kalamu. Nilitaka uzione kabla ya mtu yeyote.

Wifi yako,
Haloo


14 Aprili

Wifi,

Leo siandiki kwa mzaha. Nina mawili.

La kwanza ni jepesi. Tajiri hajawahi kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Aliyevunjika mguu ni farasi wake. Daktari alikwenda kusoma ng'ambo tangu mwishoni mwa Februari, hajaonekana tena. Na kwenye picha ya kinyozi, ndani ya kioo chake, kuna televisheni imefunikwa kitambaa cha njiwa wawili, mmoja jicho jekundu. Kitambaa hicho nilikidarizi mimi kwa mkono wangu, na jicho ni jekundu kwa sababu uzi mweusi uliniishia. Nimejua tangu Machi. Nilikasirika siku moja na nusu. Baadaye nikaona, mtu anayejisumbua kunitungia keki ya ghorofa tatu ili nisiumie, huyo hanidharau. Na barua zako nimewasomea mafundi wangu. Wanasema tamthilia yako tamu kuliko ya kwenye kioo.

La pili ni zito. Nimelibeba miaka mitano.

Kibao cha kwanza cha duka langu alikiandika yeye. Alisafiri na makopo yake ya rangi miguuni kwenye basi, akakaa siku mbili, akaandika, hakutaka malipo. Nilipotoka nje kukiangalia, mbele ya wateja wangu nikasema, "Mdogo wangu, herufi zako zimelewa?" Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Alipoondoka, haukupita mwezi, nikamwita mwandishi mwingine mwenye rula, akapaka rangi juu yake, akaandika herufi zimenyooka kama misumari.

Mwaka uliofuata alikuja kunisalimia. Nilimwona kupitia kioo, kasimama ng'ambo ya barabara, anatazama juu. Alisimama muda. Halafu akaingia, akaniamkia, akanywa chai, akauliza habari za watoto, akarudi na basi la usiku ule ule. Hakusema neno. Hakuja tena.

Ulipoandika kwamba amelazwa nilikujibu nina sare za shule za kumaliza. Sare zilikuwepo. Lakini sare mtu huziacha. Niliona haya kukaa mbele ya kitanda chake na kibao changu kilichonyooka. Nikaja siku ya mazishi, nikaondoka kesho yake. Halafu nikakununulia televisheni.

Ulipoleta picha ya Magodoro niliitazama herufi kwa herufi. Zimeinama kidogo, ndiyo. Zote zimeinama upande mmoja, kama watu wanaotembea upepo ukiwa mgongoni. Mimi ni fundi, wifi. Miaka arobaini nakata kitambaa. Ningepaswa kujua tofauti ya kilichopinda na kilichokatwa kifuate mwili.

Sindano


2 Mei

Wifi yangu mkubwa,

Umengoja jibu. Najua umengoja, kwa sababu nilikungojesha.

Nilikasirika. Siku ile nilitoka bila kamera nikatembea mpaka mwisho wa mji, kwenye viwanda vya matofali, nikarudi viatu vimenichuna. Nitakwambia kwa nini, na sikwambii ili nikuumize. Umenipa kweli, nami nakulipa kweli. Pale hospitali, kila mlango ulipofunguliwa aligeuza kichwa. Mimi nilidhani anangoja daktari.

Umeshasoma? Haya, vuta pumzi, endelea.

Sitakwambia kwamba alikusamehe. Hakuniachia ujumbe huo. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha watu, si kuwasemea. Uongo wa tamthilia naweza. Wa mdogo wako siwezi. Lakini nakupa ninachokijua. Habari ya kibao hakunisimulia hata siku moja; mimi aliniambia haji kwako kwa sababu basi linamuumiza mgongo. Na kila mtu aliyemsifia mkono wake, fundi mwenzake, mteja, hata muuguzi aliyemwona akichorachora kwenye kadi yake, alimjibu neno moja: "Dada yangu ndiye aliyenishika mkono nikaandika a." Hilo nilisikia mwenyewe, wodini, wiki ya mwisho. Lipime kwa futi yako.

Na mimi nikuombe radhi. Televisheni nilimpa kinyozi mwezi Februari. Wateja wake wanangoja, na mimi nilikuwa siiwashi tena. Niliogopa kukwambia kwa sababu uliniandikia habari ya mkeka mmoja. Ningesemaje kwamba nimeinuka mkekani?

Nimekaa na hasira wiki mbili, na wiki mbili hizo nimetembea kila siku. Hasira haipendi kutembezwa, wifi. Mtaa wa kwanza inakwenda mbele yako, wa pili inakwenda kando, ukifika kwa mama wa mashuka anakwambia shika ncha hii tukunje, basi unashika ncha.

Nimepata mabango tisa mpaka sasa. Kuna mitaa magoti yangu yamekataa, ina vilima. Nahitaji mtu wa kunishika mkono na mwenye jicho kali. Kitanda kipo. Njoo.

Haloo


9 Mei

Haloo,

Ijumaa, basi la asubuhi. Nafika alasiri. Nimefunga duka siku tano, na mlangoni nimeandika kwa mkono wangu: "Fundi kaenda kutembea." Mafundi wamepiga picha kwa simu zao, wanasema haijawahi kutokea.

Nakuja na viatu vya chini.

Sindano


3 Juni

Wifi yangu Haloo,

Nimefika salama, ila miguu imekuja siku moja baada yangu.

Nimepanga picha zetu zote juu ya meza ya kukatia. Mafundi wananiuliza huyu nani, huyu nani. Nawaambia, huyu mchonga funguo, alinipa ufunguo usiofungua kitu chochote, eti kumbukumbu. Huyu Bwana Vipuri, alininong'oneza nikaruka. Huyu mama mashuka. Tulikunja naye na nikamwonyesha jinsi ya kupinda ncha, hakufurahi. Nilicheka siku tano, wifi. Hata pale kwenye geti la shule, ulipoona nimegeukia ukuta ukadhani nalia, ukaenda kununua maji ili uniache, nilikuwa nalia, ndiyo, lakini nilikuwa nacheka pia, kwa sababu kengele ililia kweli na watoto wote wakatoka mbio wakanipita kama maji.

Tangu nirudi, duka nafunga saa kumi na moja badala ya saa moja. Natembea. Mji wangu ni mdogo, nusu saa umeumaliza, basi nauzunguka mara mbili, mara ya pili kwa upande wa pili wa barabara. Jirani yangu wa kushona viatu, miaka kumi na mmoja tunasalimiana kwa kichwa, nilimwomba nimpige picha. Alienda kubadili shati. Nilikaa hapo mpaka taa za barabarani zikawaka, na sasa najua jina la mke wake, ugonjwa wa mke wake, na kwamba anaogopa vyura.

Nina ombi. Mama wa magodoro alituambia mbele yetu sote wawili kwamba mwezi huu anaupaka ukuta ule upya. Duka analiachia binti yake, na binti anauza vitanda na makabati pia. Akasema, mkitaka niuache kwa ajili ya marehemu, semeni, nitaacha. Wewe ulinyamaza, nami sikutaka kukutangulia. Sasa nasema. Mwambie auache. Mimi nilishapaka rangi juu ya maandishi yake mara moja. Sitaki kusikia inafanyika mara ya pili.

Wako,
Sindano


20 Juni

Wifi yangu,

Nilikwenda kumwambia auache. Nataka ulijue hilo kwanza. Nilipopata barua yako asubuhi ile ile nilivaa viatu, neno lako liko mdomoni kama pipi.

Nilipofika mwandishi ameshaanza. Ni mwanamke, wa miaka thelathini hivi, ovaroli imejaa rangi, nywele kazifunga kitambaa. Alikuwa juu ya ngazi anakwangua. Robo ya ukuta imekwisha. "Ingia Ujionee" ilikuwa imebaki "Ujionee" peke yake. Nikapiga kelele, "We binti, simama!"

Akasimama. Mwenye duka akatoka mbio, akashika kichwa, "Mama yangu, nilidhani kimya chenu ni ruhusa." Nikataka kusema. Basi yule mwandishi, bila kujua lolote, akaniita kutoka juu: "Mama, njoo uone hiki."

Chini ya buluu ya mdogo wako, alipokwangua, kulikuwa na rangi nyekundu. Na nyekundu ile ilikuwa na maandishi. Tulisogea wote watatu, tukasoma pole pole, herufi nene, za kizamani, mkono wa mtu mwingine kabisa: "Mikate Mot—". Mwenye duka akasema, eti kweli, kabla ya baba yake kununua, hapa palikuwa na mwoka mikate. Na yule mwandishi akagonga kwa kisu chake chini ya nyekundu, akasema, "Hata hapa chini kuna nyeupe. Mtu aliandika kabla ya huyu."

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikafikiri. Mdogo wako alikuja hapa siku moja, akayakuta maneno ya mtu, akapaka rangi juu yake, akaandika yake huku anaimba. Hakumwomba mtu radhi. Sidhani kama alipaswa. Wifi, wewe kosa lako halikuwa rangi. Rangi hupakwa. Kosa lako lilikuwa lile neno mbele ya watu, na kutokuja, na hayo mawili umeshayasema, umeyalia, na umekuja.

Nikamwambia yule mwandishi, endelea.

Akaniuliza ukuta ule ulikuwa wa nani, mbona nilipiga kelele vile. Nikamwambia. Akashuka ngazi. Akaitazama ile g iliyokuwa bado imebaki, akaifuata kwa kidole hewani, mara mbili, kama mtu anayejifunza. "Huyu alikuwa hainui brashi," akasema. "Alikuwa anaimaliza kwa pumzi moja." Miaka ishirini na sita nimeishi naye, na hilo nimelisikia kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Halafu akapanda tena. Njia pale imeinama, ngazi ilikuwa inacheza. Akaniambia, "Mama, hebu nishikie kidogo." Nikashika. Akakwangua, akapaka nyeupe, tukangoja ikauke tukinywa chai ya mwenye duka tumekaa juu ya magodoro, akarudi, akavuta mistari kwa chaki, akaanza kuandika kwa kijani. Wapita njia walikuwa wanasimama. Kila mmoja alikuwa anasoma kwa sauti, herufi ikizaliwa anaitaja, wakikosea wanacheka: "V… Vi… Viatu!" "Hapana bwana, Vitanda!" Muuza miavuli alipita, Bwana Vipuri alipita akanguruma ngazi ikatetemeka. Harufu ya ile rangi ndiyo ilikuwa harufu ya mashati yake. Nilisimama ndani ya harufu hiyo mpaka jua likageuka upande, magoti yananiuma, mkono wa kushoto umekufa ganzi, na sikutaka kuwa mahali pengine popote.

Najua utauliza picha. Uliponifungulia kamera ile siku ya mwisho ukaweka betri mpya ulisema nisiache kitu. Basi hii sina. Sikupiga hata moja.

Nilikuwa nimeshika ngazi.

Wifi yako,
Haloo